Kwenye Gurudumu la Kamba, Kisiwa cha Jaza

Vijana wa karakana, mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini kile kisiwa kilicho mbele ya Ufukoni kina pembe nne. Nilikuwa nikiwajibu kwa mkato, maana mtu mwenye kisu mkononi na wavu wa kupakulia mizigo mapajani hana nafasi ya historia. Sasa nimestaafu, na mke wangu amechoka kuniona nimekaa barazani. Kwa hiyo naandika. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaacha, hayakuwa marefu.

Kisiwa cha Jaza hakikuumbwa, kilijazwa. Zamani pale palikuwa na mwamba tu, unaojitokeza maji yakitoka na kupotea maji yakijaa. Wajerumani walitaka mahali pa kuweka mzinga wa kulinda ghuba, wakawakamata watu wa vijijini, wakawavunjisha matumbawe na kuwabebesha kwa mitumbwi, yakatupwa pale mpaka bahari ikakubali. Babu yake mke wangu alikuwa mmoja wao. Alirudi kwao Mtawanya akiwa na vidole vitatu tu mkono wa kulia, na tangu hapo hakutaka hata kupelekwa pwani. Juu ya mawe yale ikajengwa ngome ya mraba. Ndani ya ukuta wa upande wa bahari waliacha ujia mrefu wenye paa, kutoka pembe hadi pembe, wenye matundu membamba ya kutolea bunduki. Kwa nijuavyo mimi, mzinga wenyewe haukumuua mtu. Waliokufa ni waliobeba mawe. Waingereza walipokuja waliuondoa, wakawaachia kunguru ngome.

Vita vilipowaka ng'ambo ya Ruvuma, askari wetu waliwekwa pale kuangalia bahari, na sisi raia hatukuruhusiwa kusogea. Wenzetu wa Msumbiji walipopata uhuru wao, askari wakahamishwa. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, kila penye ukuta na paa palitafutiwa kazi, na Jaza ikapata kazi ya kamba. Minazi tulikuwa nayo. Makumbi ya nazi yalikuwa yakiishia jikoni. Maji ya chumvi ya kuyaloweka yalituzunguka pande zote, na ujia ule mrefu ulifaa kusokotea kamba kuliko jengo lolote la mjini.

Tuliandikwa kazi siku moja, mimi na mke wangu Somoe. Tulikuwa tukiishi Magomeni ya hapa mjini, na mtoto wetu Zuhura tulimwacha kwa mama yangu. Siku ya kwanza hatukugusa hata uzi mmoja. Tulitoa magunia ya mchanga, tukafagia maganda ya risasi, tukachimba mashimo ya kulowekea upande wa ndani ambako maji ya bahari yalipenya yenyewe. Palikuwa na kibao cha jeshi kilichoandikwa "Marufuku Kupiga Picha". Meneja alisema kibaki hadi aandikiwe ruhusa ya kukitoa. Kilibaki miaka yote ya kiwanda, na katika sisi sote hakuna aliyekuwa na kamera.

Aliyetufundisha ni Bi Fatu, mama wa Mikindani aliyepiga makumbi ufukweni tangu usichana wake. Hakuwa na maneno mengi. Alikupa rungu la mti, akakaa mbele yako, akapiga, nawe ukapiga. Kumbi lililoiva huachia nyuzi kwa mapigo machache na hunuka vibaya. Lisilonuka lirudishwe shimoni. Nyuzi zile ndizo usumba. Alitufundisha kuupima usumba kwa meno, na kupaka mikono mafuta ya nazi kabla ya kazi, si baada. Kamba ambayo hakuipenda hakuilaumu. Aliikata, akaendelea na shughuli zake. Namkumbuka kuliko mwalimu yeyote wa darasani.

Sasa niwaeleze kazi ya ujiani, maana mambo yangu yote yalitokea humo. Mwisho wa mashariki palikuwa na gurudumu kubwa la mti lenye kulabu. Mtu mmoja huzungusha gurudumu. Wasokotaji wawili hufunga usumba kiunoni, kila mmoja huupachika kwenye kulabu yake, kisha hutembea kinyumenyume, bega kwa bega, wakiachia usumba kidogo kidogo huku gurudumu likiusokota. Lazima waende mwendo mmoja. Mmoja akiwahi, uzi wake unakuwa mwembamba. Akichelewa, unakuwa na vifundo. Kamba nene ya nyuzi tatu hutengenezwa kwa kuzitandaza nyuzi ujia mzima, kisha watu wawili hutembea na kigogo chenye mifereji mitatu, safari hii wakirudi kuelekea gurudumu, na kamba hujifunga nyuma yao.

Mimi nilipewa gurudumu kwa sababu ya mabega yangu. Somoe aliwekwa kwenye kusokota kwa sababu ya vidole vyake. Na wa kutembea naye, Bi Fatu akamchagua Damiani.

Damiani alikuwa koplo. Alikaa Jaza wakati wa ulinzi, akamaliza muda wake wa jeshi, akaomba kazi hapo hapo. Alikuwa mtu wa Kitaya, mama yake akitokea ng'ambo ya mto, na mke wake alibaki kijijini na mikorosho na mihogo yao. Kiswahili chake kilikuwa cha Kimakonde, "mzuri" akitamka "mzuli", na watu walipenda kumsikiliza. Alijua kila jiwe la ngome ile. Alijua tundu gani lilivuja wakati wa masika na mahali askari walipoficha tumbaku yao. Alikuwa mwembamba, na alikuwa na tabia ya kusikiliza huku ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza jambo la maana hata ukimwambia bei ya dagaa.

Mtu akikaa kwenye gurudumu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri ana kitu kimoja tu cha kutazama. Mimi nilimtazama mke wangu akienda mbali nami, bega kwa bega na Damiani. Nyuso zao zilinielekea, lakini ujia ulikuwa na giza, na huko mbele mwanga uliingia kwa yale matundu tu. Wakifika kwenye tundu niliwaona. Wakilipita, sikuwaona. Katika giza lililo kati ya tundu na tundu nilisikia sauti zao, si maneno. Wakitokea tena kwenye mwanga, mara nyingine Somoe alikuwa akitabasamu, nami sikujua amecheka nini.

Alimwita "dada Somoe". Hakuna kosa hapo. Lakini mimi mwenyewe niliacha kulitamka jina hilo tangu alipozaliwa mtoto wetu. Nyumbani alikuwa Mama Zuhura. Damiani alilitamka siku nzima. Nilikuwa nikirudi Magomeni nikiwa nalo masikioni, na nikijaribu kulitamka mwenyewe likanishinda, nikaona haya.

Nilimwendea Bi Fatu. Nilimwambia mgongo unaniuma, naomba nisokote, Damiani azungushe. Aliniangalia mgongo, kisha uso.

"Mgongo wako mzima," alisema. "Wale wawili wanatoa uzi ambao sijauona tangu nizaliwe. Nikiwatenganisha nitamwambia nini meneja? Kwamba Issa ana wivu?"

Nikarudi kwenye gurudumu. Alikuwa amesema kweli kuhusu uzi, na hilo ndilo lililoniumiza. Ningewaona wanazembea ningekuwa na la kusema. Kamba zao zilipelekwa bandarini, manahodha wakaziulizia. Nilizishika mwenyewe wakati wa kuzikunja, zikapita viganjani mwangu laini, hazina kifundo hata kimoja, na kila pima moja niliyokunja ilinionyesha miguu minne iliyoinuka na kushuka pamoja.

Nyumbani nilianza kuuliza. Mnazungumza nini mule? Somoe alijibu bila kuficha. Wanazungumza habari za watoto, za mihogo iliyooza, za babu yake aliyebeba mawe. Hilo la babu lilinichoma, kwa sababu mimi hakuwahi kunisimulia zaidi ya vile vidole vitatu. Nilipomwambia hivyo alisema sikuwahi kuuliza. Ilikuwa kweli. Damiani alimwuliza, kwa kuwa naye alilala miezi mingi juu ya mawe yale akitaka kujua nani aliyaweka.

Wenzangu waliona. Kiwanda ni kidogo, na kisiwa hakina pa kufichia uso. Wanawake waliopiga makumbi walitunga utani juu ya mwenye gurudumu anayetaka shingo ndefu, na nilijifanya sisikii.

Kisha ikaja kazi ya kamba ya tishari. Bandari ilitaka kamba nene ya kuvutia tishari, chombo bapa cha kushushia shehena, na walitaka ya usumba kwa sababu huelea na hunyumbulika tishari likivuta kwa nguvu. Haikuwahi kutengenezwa nene vile Jaza. Meneja alikuja mwenyewe kusimama mlangoni na suti yake ya Kaunda, akatuambia jina la mkoa mzima liko mikononi mwetu, kisha akaondoka kwa sababu ya vumbi la usumba.

Nyuzi tatu zilitandazwa. Somoe na Damiani wakashika kigogo mwisho wa magharibi, wakaanza kuja kwangu polepole. Kulikuwa na ishara moja tu: Damiani akiinua mkono, nasimamisha gurudumu. Walikuwa wameshapita katikati. Nyuzi zilikuwa zimekaza hadi zikilia. Mimi nilikuwa nikizungusha gurudumu, macho yangu yakiwa kwao, kama siku zote. Wakaingia kwenye giza la kati ya tundu na tundu. Nikasikia mlio kama wa mti unaovunjika, gurudumu likalegea ghafla mikononi mwangu, na Somoe akaita jina la Mungu.

Uzi mmoja ulikuwa umekatika na kurudi kwa nguvu. Ulimpiga Damiani mkono wa kulia chini ya kiwiko, mfupa ukavunjika mara mbili. Nilikimbia. Nilipofika Somoe alikuwa amepiga magoti, amemfunga mkono kwa ushungi wake mwenyewe, nywele ziko wazi, wala hakuniangalia. Mimi na mwenzangu mmoja tulimbeba hadi kwenye mtumbwi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Kabla hajafikishwa hospitali, neno lilikuwa limeshaanza kusemwa. Gurudumu lilizungushwa na nani? Issa. Na Issa ana nini na Damiani? Miaka ile, vijana, palikuwa na neno hujuma. Mtu akiharibu mali ya umma kwa makusudi aliitwa mhujumu, na mhujumu hakuachishwa kazi tu, alipelekwa polisi. Bi Fatu alininong'oneza nisilale na njaa, nile vizuri, maana kamati itaniita.

Kamati ya wafanyakazi ilikaa uani, pale mzinga uliposimama zamani. Walileta benchi, mwenyekiti akasimama, akaniuliza kama niliona ishara. Nilisema sikuona, na ndiyo kweli ya Mungu hadi leo. Nilikuwa nikiwatazama kuliko mtu mwingine yeyote angeweza kuwatazama, na sikuona. Mtu mmoja kwenye benchi alisema kwa sauti ndogo kwamba anayetazama sana ataachaje kuona. Watu wakacheka kidogo.

Wakamwita Damiani. Alikuwa ametoka hospitali, mkono umefungwa plasta hadi begani, uso umepauka. Mwenyekiti akamwambia, "Ndugu Damiani, sema usiogope. Uliinua mkono?"

Damiani aliinamisha kichwa kama kawaida yake. "Sikuinua," akasema. "Niliona uzi unachakaa, nikadhani utafika. Kosa langu. Ndugu Issa hakuwa na la kuona."

Akaitwa Somoe. Alisema alikuwa akitazama kigogo. Mambo yakaishia hapo. Watu wakanipa mikono, hata yule wa benchi. Nikapona.

Jumapili iliyofuata tulikuwa uani kwetu Magomeni, Somoe akichagua mchele. Nilisema Damiani amekuwa muungwana kukubali kosa lake. Somoe akautua ungo. Nikamwuliza kuna nini.

"Aliinua," akasema.

"Kamati imesikia hakuinua."

"Aliinua, Baba Zuhura. Tulikuwa gizani, usingeweza kumwona. Lakini aliinua."

Nikamwuliza amejuaje, naye alikuwa akitazama kigogo. Akaendelea kuchagua mchele.

"Bega lake lilipanda," akasema. "Nililisikia kwenye langu."

Kisha nikauliza swali ambalo mtu mwenye akili asingeuliza. Nilimwuliza kama walikubaliana waseme vile.

"Hatukuhitaji kukubaliana," alisema.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Damiani wiki ile, na alikuwa ameniokoa na jela. Angesema kweli, kwamba aliinua mkono, hakuna ambaye angeamini kwamba giza ndilo lililonificha. Alijua hivyo. Akajibebesha kosa kwa ajili yangu, na mke wangu akamwelewa bila neno, wakaniweka katikati kama mtoto anayefichwa msiba. Niliweza kushindana naye kwa kazi, hata kwa mazungumzo ningejifunza. Kwa wema alikuwa ameshanitangulia, na sikuona nitakapomkutia.

Mkono wake ulipona ukiwa umepinda, vidole haviwezi tena kuachia usumba. Bi Fatu akatubadilisha. Damiani akapewa gurudumu, akizungusha kwa mkono wa kushoto, na mimi nikafunga usumba kiunoni nikasimama kando ya mke wangu. Nilikuwa nimepata nilichokiomba.

Uzi wetu ulikuwa mbaya. Bi Fatu aliukata siku ya kwanza, ya pili, na nyingine nyingi, bila kutulaumu. Nilikuwa nikiwahi. Somoe aliniambia niache kutazama miguu yake, nisikilize pumzi yake. Ilinichukua msimu mzima. Lakini nilijifunza, na siku moja Bi Fatu aliupitisha uzi wetu kwenye meno, akautua chini ukiwa mzima, akaenda zake. Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo katika kazi.

Ni baada ya siku hiyo, nikiwa sihitaji tena kutazama mikono yangu, ndipo niliinua macho. Msokotaji anayetembea kinyumenyume uso wake unaelekea gurudumu. Mlango ulikuwa kando ya Damiani, na jua la asubuhi lilimpiga ubavuni. Alikuwa anatutazama. Tulipoingia gizani alinyoosha shingo. Tulipotokea kwenye mwanga aliirudisha. Niliijua hali ile. Nilikaa nayo miaka mitatu kwenye kiti kile kile.

Siku zote nilikuwa nimejiambia kwamba huenda hakuna kitu, ni wivu wangu tu. Sasa nikajua kipo, angalau upande wake. Na nikajua pia kwamba hakuwahi kufanya lolote nacho, isipokuwa kuinua mkono na kusema hakuinua. Sikumwambia Somoe. Nilitembea nyuma hatua zangu, nikiachia usumba kidogo kidogo, bega langu kwenye bega lake. Niseme ukweli: nilifurahi kwamba anaona. Furaha ile haikufika mchana.

Kabla ya masika Damiani aliomba kurudi Kitaya. Alituaga wote kwa mkono wa kushoto. Kwangu alisema gurudumu linahitaji mafuta upande wa ndani, akapanda mtumbwi.

Mengine mnayajua au mmeyasikia. Kamba za nailoni zilikuja, nyepesi, za rangi ya samawati, zisizooza. Manahodha waliotuulizia wakaacha kutuulizia. Kiwanda kikafungwa, Bi Fatu akarudi Mikindani na kufia huko, sisi tukahamishiwa karakana, na Jaza ikarudi kwa kunguru na kibao chake. Somoe aliacha kazi mapema kwa ajili ya magoti. Mimi nikaendelea hadi nikawakuta ninyi.

Miezi michache kabla sijastaafu tulipata habari kwamba Damiani amefariki. Somoe alisema anakwenda Kitaya kuzika. Nikasema tunakwenda wote. Tulipanda lori la korosho, tukafika mazishi yakiwa yamekwisha, watu wamekaa kwenye mikeka. Somoe akaenda upande wa wanawake. Mimi nilikaa pembeni na wazee wasionijua.

Baadaye mjane wake, Bi Rozalia, akaja nilipokaa. Alikuwa mama mrefu, mikono imekomaa kwa jembe. Aliniuliza kama mimi ndiye Issa wa gurudumu. Nikaitikia, nikampa pole. Alikaa chini karibu nami, akaniomba nimwonyeshe Somoe ni yupi.

Nilimwonyesha: yule mwenye khanga ya kahawia, anayemmenyea mihogo mama mwenzake.

Alimtazama kwa muda. Nilimwangalia anavyomtazama, na kila nilichokiona usoni pake nilikuwa nakifahamu.

"Nilidhani ni mrefu," akasema mwishowe.

"Wala," nikasema.

"Kila mtu akisema kamba, yeye alisema Somoe. Miaka yote hii. Hakuwa akisema baya." Akajifuta uso kwa upindo wa khanga. "Ningependelea angesema baya."

Nikamwambia namwelewa. Nadhani aliamini, kwa sababu hakuondoka. Tulikaa pale pamoja, watu wawili tusio na undugu, mpaka alipoitwa kugawa chakula.

Kwenye lori la kurudi Somoe aliniuliza yule mama alitaka nini kwangu. Nikamwambia alitaka kukujua wewe ni yupi.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia huyu ni mke wangu."

Lori lilikuwa likiyumba, na alijishikilia kwenye gunia kwa mkono mmoja na kwangu kwa mkono wa pili.

"Hilo," akasema, "alikuwa akilijua."